Megawati tunazo, mbona saa moja jioni mashine yangu inanguruma tu?

#1 MamaMashine
Habari zenu wana jukwaa. Nina mashine ya kusaga na kukoboa hapa Mbozi, mota ya hosipawa 20, mwaka wa sita huu. Mchana inakwenda vizuri. Ikifika saa kumi na mbili na nusu jioni, muda ule kina mama wanatoka shamba na debe zao kichwani, mshale wa volti kwenye boksi la stata unaanza kuteremka. Juzi nilisimama nikauangalia: 400, 370, 345. Nikiwasha, mota inanguruma, mkanda unatetemeka, jiwe halizunguki. Nikilazimisha naunguza waya, na nimeshasuka mota upya mara mbili kwa hela yangu.

Jana mama mmoja aliacha debe lake akaenda nyumbani mikono mitupu, watoto walikula viazi. Imeniuma.

Redioni nasikia Bwawa la Nyerere kule Rufiji limekamilika. Mwaka 2024 nilisikia mpaka vituo vingine vya maji vilizimwa kwa muda kwa sababu umeme umezidi matumizi. Halafu habari za dunia zinasema kila nchi inatafuta umeme zaidi, hata wale matajiri. Naomba kuelimishwa: shida yetu ni kuzalisha, kusafirisha, bei, au nini? Na kama walionacho hakiwatoshi, sisi tunaoongezeka kila siku tutapata wapi?

#2 Kijiwe_Mwanjelwa
Swali zito. Naweka kambi hapa, ngoja waje wajuzi.

#3 FundiWaya
Mama, pole. Nimepanda nguzo miaka 31, sasa nimestaafu. Kabla hatujafika bwawani tuanze kwenye nguzo yako. Naomba vitu vitatu: transfoma yenu imeandikwa kVA ngapi (ndiyo ukubwa wake, kuna kibao ubavuni), kutoka transfoma mpaka kwako ni nguzo ngapi, na kwenye laini hiyo kuna wachomeleaji wangapi.

Wakati unatafuta majibu, usiiwashe hiyo mota chini ya 360. Nguvu ya mota kuanza kuzunguka inashuka kwa mraba wa volti. Ukibaki na 345 kati ya 400, volti ni asilimia 86, lakini nguvu ya kuanzia ni kama asilimia 74 tu. Ndiyo maana inanguruma. Inakula umeme mwingi, haizunguki, inajipika yenyewe.

#4 Mndengereko_Halisi
Mimi nasema wazi, kuzalisha tumemaliza. Megawati 2,100 mto mmoja! Kilichobaki ni uzembe wa watu wa mitaani wanaojiunganishia kinyemela. Tusilaumu mradi.

#5 Hesabu_Kwanza
Mkuu #4, ni 2,115: mitambo tisa, kila mmoja 235. Na naomba tutofautishe uwezo na uzalishaji. 2,115 ni kile mitambo inachoweza kutoa yote ikizunguka pamoja kwa nguvu zote. Kwa mwaka mzima inategemea maji ya Rufiji na inategemea nani anatumia umeme saa ngapi. Mahitaji ya juu kabisa ya nchi mwanzoni mwa 2025 yalikuwa kama megawati 1,900, yaani bwawa moja linakaribia kuyabeba yote kwenye karatasi. Lakini mahitaji ya juu maana yake ni lile saa moja au mawili ya jioni. Saa tisa usiku mitambo mingi haina kazi.

Wizi upo, sikatai, ila hauelezi kwa nini mchana mashine ya mama inazunguka.

#6 Mchomeleaji_TDM
Mimi niko Tunduma, nachomelea mageti na majiko. Wanaosema maji yanatosha wangekuja hapa mpakani mwaka 2024. Wenzetu wa Nakonde ng'ambo walikaa gizani mpaka saa 20 kwa siku. Zambia zaidi ya asilimia 80 ya umeme wao ni wa maji, ukame ukaja, Ziwa Kariba likakauka hadi mitambo ikawa inazungushwa kwa kudonoa. Rafiki yangu wa upande ule alikuwa anavuka na vyuma vyake begani, anachomelea kwenye banda langu usiku, alfajiri anarudi. Tuligawana gharama za LUKU nusu kwa nusu karibu mwaka mzima.

Kwa hiyo mimi jibu langu ni hilo: tumeweka mayai mengi kwenye mto mmoja. Leo yamejaa. Na mwaka ambao mvua haitanyesha?

#7 Hesabu_Kwanza
#6 nakazia. Wazee wanakumbuka 2006, bwawa la Mtera lilivyokauka na mgao ulivyotuchapa. Ndiyo ikabidi kukimbilia mitambo ya dharura ya mafuta kwa bei ya kutisha. Kilichotuokoa baadaye ni gesi: Songosongo tangu 2004, kisha bomba la Mtwara 2015 likaleta gesi mpaka mitambo ya umeme ya Kinyerezi, Dar. Gesi haijali mvua.

#8 StimaMwananchi
Salamu kutoka Kitengela, Kenya. Ngoja niwape kisa chetu kuhusu laini, maana naona #5 anakaribia ukweli.

Kule Loiyangalani karibu na Ziwa Turkana kulijengwa mitambo ya upepo 365, megawati 310. Mwanzoni mwa 2017 mitambo ilikuwa imesimama tayari, upepo unavuma. Laini ya kuupeleka umeme Suswa, zaidi ya kilomita 400, haikuwa imekamilika mpaka 2018. Mwaka na zaidi upepo ulipita tu kwenye mapanga, na fidia ililipwa kwa umeme ambao hakuna aliyeutumia. Sisi ndio tunaolipa kwenye tokeni.

Sasa hivi Kenya mahitaji ya jioni yamepita megawati 2,300. Mvuke wa ardhini wa Olkaria unatubeba mchana na usiku, jua linasaidia mchana, lakini saa moja jioni jua limezama na kila mtu amerudi nyumbani. Huku kwetu shida ni lile saa moja. Mitambo mipya ilisimamishwa miaka mingi kwa sababu mikataba ilikuwa ghali, na watu wakaendelea kuzaliwa na kununua friji.

#9 Kamachumu
Na sisi Tanzania tunanunua umeme Ethiopia huku tumejaza bwawa. Hilo nani atanieleza nikaelewa? Mimi naona ni aibu.

#10 FundiWaya
#9 ndugu yangu, hili lilisemwa Machi 2025 na lilizua kelele, lakini kiufundi lina maelezo. Rufiji iko kusini mashariki. Arusha na Kilimanjaro ziko mwisho wa waya mrefu. Kila kilomita umeme unapokwenda, sehemu yake inageuka joto kwenye nyaya. Mhandisi anapunguza hasara kwa kupandisha msongo, yaani volti: ukiupeleka umeme uleule kwa msongo mara mbili, hasara inashuka mpaka robo. Ndiyo maana unaona laini za kilovoti 400 zinajengwa. Ile ya Isinya Kenya mpaka Singida, zaidi ya kilomita 500, iliwashwa mwishoni mwa 2024. Kwa mtu wa kaskazini, umeme wa Ethiopia ukipita Kenya unaingilia Namanga, jirani kuliko Rufiji.

Halafu waya ule unapitisha pande zote mbili. Leo unaleta, kesho unauza.

#11 Kamachumu
Maelezo nimeyapata, shukrani mzee. Moyo bado haujakubali. Tungejenga laini ya kaskazini kwanza, bwawa lifuate.

#12 Mndengereko_Halisi
#11 ungejenga laini ubebe nini? Kila kitu na zamu yake, mkuu.

Tena nirekebishe kauli yangu ya #4, nilikuwa na jazba. Sisi wa huku Rufiji bwawa tunalipenda na tunaliogopa. Aprili 2024 mafuriko yalifunika mpunga wote wa mjomba wangu, tukamtoa kwa mtumbwi na kuku wawili. Watu mpaka leo wanabishana kama ni mvua tu au na maji ya bwawa. Mimi siwezi kuamua. Najua nguzo zilizopita mbele ya nyumba yake sikuwahi kuziona kabla ya mradi, na leo ana taa.

#13 WaLikasi
Jambo kwenu wote. Mimi ni wa Likasi, Katanga, huku Kongo (DRC). Nimesoma hii laini yenu ya kaskazini nikasema niandike.

Bwawa letu la Inga, kwenye Mto Kongo, liko magharibi kabisa, karibu na bahari. Inga ya kwanza ni ya 1972, ya pili 1982, pamoja zinakaribia megawati 1,800 kwa maandishi. Kutoka kule kuna laini ya karibu kilomita 1,700 inayokuja mpaka Kolwezi kwenye migodi. Inapita juu ya vijiji vingi sana. Kijiji cha mama yangu mzazi kiko chini ya ile laini. Usiku ukisimama kimya unasikia inalia *zzz* juu ya kichwa, na ndani ya nyumba ni kibatari.

Shaba na kobalti inayotoka hapa ndiyo inakwenda kutengeneza nyaya na betri za dunia nzima. Kila mtu akisema dunia inahitaji umeme zaidi, huku kwetu tunasikia malori yanaongezeka. Umeme wa mgodi kwanza, mtaa baadaye. Tukipata saa sita kwa siku tunapiga nguo pasi haraka haraka. Basi mimi siwezi kukubali kwamba shida ni kuzalisha au waya. Shida ni nani anahesabiwa kwanza.

#14 FundiWaya
#13 umenigusa. Niongeze jambo moja la ufundi ili watu wasidhani ni roho mbaya tupu: ile laini ya Inga ni ya DC, yaani umeme unaokwenda upande mmoja tu kama wa betri. Laini ya namna hiyo huwezi kuweka transfoma chini yake ukachota umeme wa kijiji. Inahitaji kituo kizima cha kubadilisha, cha mamilioni ya dola. Waliijenga hivyo kwa sababu ya umbali. Lakini hata hivyo waliochagua mahali pa kushusha umeme walichagua Kolwezi, kwa hiyo hoja yako inabaki palepale.

#15 Mpishi_wa_Tabata
Samahani jamani, mnajadili nguzo tu. Nishati si umeme peke yake! Nyumba nyingi nchini zinapika kwa kuni na mkaa. Ukichukua nishati yote inayotumika Tanzania, sehemu kubwa ni miti. Hilo ndilo pengo lenyewe, na halionekani kwenye megawati zenu.

Serikali iliweka mkakati wa 2024 hadi 2034, asilimia 80 ya watu wapike kwa nishati safi. Duniani waliobaki kwenye moshi ni zaidi ya watu bilioni 2. Mama yangu ni mmoja wao. Nilimpeleka hospitali mwaka jana, daktari akamuuliza kama anavuta sigara. Hajawahi kuigusa. Ni jiko la mafiga miaka 40.

Mimi nilinunua jiko la presha la umeme. Maharage nusu kilo, nilisoma mita kabla na baada: uniti 0.4. Kwa bei ya kawaida ya shilingi 356, kodi zikiwemo, haifiki shilingi 150. Kopo la mkaa la siku hiyohiyo lilikuwa 2,000 na nisingemaliza maharage kwa nusu yake. Tangu hapo mkaa naununua wa kuchoma mahindi tu.

#16 Kijiwe_Mwanjelwa
#15 hapa umenipa kitu cha kwenda kumwambia mke wangu. Ila yuko kwenye lile kundi la uniti chini ya 75 kwa mwezi, bei ya chini. Akianza kupika kwa umeme si atavuka?

#17 Mpishi_wa_Tabata
Anaweza kuvuka, na ndilo kosa ninaloliona. Uniti za chini ni shilingi 100 kabla ya kodi, ukizidi 75 zile za juu yake ni 350. Mtu anayetaka kuacha mkaa anaadhibiwa na bei. Wangetenga bei ya kupikia. Aanze kwa maharage na makande, vile vinavyokula mkaa mwingi. Wali na mboga abaki na gesi.

#18 FundiWaya
Dada #15 nakuunga mkono kwa moyo wote, mke wangu naye ana hilo jiko. Lakini nina hofu ya fundi. Hilo jiko linavuta kama wati 1,000. Mtaa wenye nyumba 80 kwenye transfoma ya kVA 100, nyumba zote zikichomeka saa moja jioni, jiko peke yake limemaliza karibu transfoma yote, bado taa, friji na runinga. Nimeona mafuta ya transfoma yakichemka mpaka yanatoka juu, na watu wamesimama chini wanashangilia moto.

Kwa hiyo nishati safi inataka transfoma mpya kabla ya majiko mapya.

#19 Mpishi_wa_Tabata
Au tupike saa nane mchana! Jiko lenyewe linatunza joto. Mimi wa ofisini nalitegesha asubuhi.

#20 Mswahili_Muscat
Assalamu alaykum. Naandika kutoka Maskati, Omani, wazee wangu ni wa Unguja. Huku kiangazi ni digrii 45 na zaidi. Kiyoyozi si anasa, ni uhai. Kikizimika mzee na mtoto mchanga wanaweza kufa. Kilele chetu si jioni kama chenu, ni adhuhuri na alasiri kila mtu amefunga madirisha. Umeme wetu karibu wote ni wa gesi. Wameanza kuweka jua kwa wingi, Ibri megawati 500, na Manah miwili ya 500 kila mmoja, na jua letu linapatana na kiyoyozi kwa sababu vyote viko mchana.

Kinachonishughulisha ni hiki: duniani viyoyozi ni kama bilioni 2, na nchi zenye joto kali na watu wengi, India, Indonesia, Nigeria, wengi wao bado hawajanunua vyao. Watanunua. Dar es Salaam mtanunua. Ubaya wake ni kwamba kadiri dunia inavyopata joto ndivyo viyoyozi vinaongezeka, na umeme wake ukitoka kwenye makaa na gesi joto linaongezeka tena.

#21 Mwanafunzi_Dublin
Nami niongeze la huku Ayalandi maana #1 ameuliza kuhusu matajiri. Vituo vya data, yale majengo ya kompyuta yanayohifadhi picha zetu na kuendesha akili mnemba, mwaka 2015 yalikuwa yanakula asilimia 5 ya umeme wa nchi hii. Mwaka 2023 asilimia 21. Yamezipita nyumba zote za mijini zikiwekwa pamoja. Karibu na Dublin maombi mapya ya kuunganishwa yalifikia hatua ya kukataliwa kwa sababu gridi haiwezi.

Kwa dunia nzima bado ni kidogo, kama asilimia 1.5 mwaka 2024. Ila Shirika la Kimataifa la Nishati linakisia matumizi ya vituo hivyo yataongezeka maradufu na zaidi ifikapo 2030. Na matumizi ya umeme duniani yaliongezeka asilimia 4.3 mwaka 2024 peke yake. Viwanda, magari ya umeme, viyoyozi, kompyuta, vyote kwa mpigo.

#22 Kamachumu
Haya, Dublin wakijenga majengo ya kompyuta inamhusu nini mama wa Mbozi? Waya hauendi Ayalandi.

#23 Hesabu_Kwanza
Inamhusu #22, na njia yenyewe ni transfoma. Tangu 2021 dunia nzima inapanga foleni. Transfoma kubwa za vituo vya kupozea umeme unaagiza leo unasubiri miaka miwili, mitatu, hata minne. Mitambo ya gesi vilevile, viwanda vimejaza oda mpaka mwisho wa muongo. Marekani, Ulaya na Ghuba wanalipa mapema na wanalipa zaidi. Sisi tunafika mwisho wa foleni na mkopo wenye riba kubwa. Shaba ile ya #13 imepanda bei, na waya wa nguzo yako umepanda nayo.

#24 Mwanafunzi_Dublin
Nakubali kuhusu foleni, lakini nisingependa tuilaumu foleni kwa kila kitu. Transfoma ndogo za mtaani zinatengenezwa hapo Arusha na kwingineko Afrika. Hizo si za kusubiri miaka minne.

#25 Bi_Mkubwa_wa_Chwaka
Mmenikumbusha mbali. Sisi Unguja tulikuwa tunategemea waya mmoja tu chini ya bahari, uliowekwa 1980 kutoka Ras Kiromoni mpaka Fumba. Ukakatika 2008, mwezi mzima. Tukasema ndio basi tumejifunza. Disemba 2009 ukaungua tena, na mara hii tulikaa giza mpaka Machi 2010. Miezi mitatu, wanangu.

Nilikuwa nauza samaki na barafu. Barafu ikawa kama dhahabu. Maji ya bomba yalikatika kwa vile pampu hazina umeme, tukachota kwenye visima vya jirani ambavyo vimeingia chumvi. Hoteli zilikuwa na majenereta, usiku ukitazama pwani unaona taa zao tu. Mwanangu alisoma mtihani kwa mshumaa, nyusi zikaungua.

Mwaka 2013 ukaja waya mpya wa megawati 100 kwa msaada wa Marekani. Alhamdulillahi. Lakini hoteli zimeongezeka, watu wameongezeka, na bado tunanyonya kutoka bara. Mtu akiniuliza mimi shida ni nini, namwambia ni kutegemea waya mmoja. Hata bwawa liwe kubwa namna gani.

#26 Mchomeleaji_TDM
Bi mkubwa shikamoo. Hapo ndipo hoja yangu ya #6 inaporudi: mto mmoja, waya mmoja.

#27 JuaKali_Singida
Basi kila mtu aweke sola juu ya bati lake, tuachane na nguzo. Pakistani mwaka 2024 waliingiza paneli za gigawati kama 17 (megawati 17,000) kwa mwaka mmoja. Hakuna aliyewaamuru, bei ya gridi iliwachosha, paneli za China zikashuka, watu wakanunua. Mama wa Mbozi anaweza kusaga mchana kwa jua bila betri hata moja.

#28 FundiWaya
Kusaga mchana anaweza. Mota ya hosipawa 20 ni kilowati 15, inahitaji paneli za kilowati 20 na kuendelea, na kifaa cha kuendesha mota taratibu isivute umeme mwingi inapoanza. Gharama yake ni mtaji wa mashine nyingine nzima. Na wateja wake wanakuja jioni.

#29 JuaKali_Singida
Wateja wanakuja jioni kwa sababu wamezoea. Akiweka bei pungufu saa sita mchana watawatuma watoto.

#30 MamaMashine
#29 watoto wako shule mchana, mwanangu. Na mama akiwa shamba kilomita sita hawezi kurudi kusaga.

#31 StimaMwananchi
Kuna jambo jingine kwenye hii sola. Wenye hela wakihama gridi, gharama za laini na mabwawa wanabaki kubeba wasio na hela. Kenya viwanda vingi vimeweka vyao juu ya paa. Nawaelewa kabisa, stima ikipotea dakika kumi kiwanda kinamwaga maziwa yote. Ila bili ya waliobaki haishuki.

#32 Kijiwe_Mwanjelwa
Na nyuklia je? Urani ipo Namtumbo.

#33 Mswahili_Muscat
Majirani zetu wa Imarati wamefanya. Barakah, mitambo minne, megawati 5,600, karibu robo ya umeme wao. Walianza kumwaga zege 2012, wa nne ukaanza kazi kibiashara 2024. Miaka 12, kwa nchi yenye fedha yake mkononi. Misri nao wanajenga Dabaa. Kwa Afrika inayofanya kazi leo ni Koeberg ya Afrika Kusini tu, tangu miaka ya 1980.

#34 Kamachumu
Na hao hao Afrika Kusini 2023 walikatiwa umeme karibu kila siku ya mwaka. Kwa hiyo kuwa na nyuklia na makaa ya mawe tele haikuwaokoa mitambo ilipochakaa bila matengenezo. Nimeanza kuona kwamba kila nchi inaumwa ugonjwa wake.

#35 MamaMashine
Nimerudi, na nimefanya kazi mzee #3 aliyonipa. Nimempeleka kijana wangu na daftari.

Transfoma: kVA 50. Nguzo mpaka kwangu: 19. Wachomeleaji kwenye laini: watatu. Mwingine ana mashine ya mbao. Saluni nne. Na nyumba zilizounganishwa miaka hii mitatu kwa ile bei ya 27,000 ni 41. Transfoma ni ileile ya mwanzo. Kijana alipima kwa mita ya fundi jana saa moja na robo kila fezi peke yake (kila waya wa moto kati ya ile mitatu; ukipima hivyo kawaida ni 230, si 400): 226, 214, 171.

#36 FundiWaya
Mama, kijana wako aje nimfundishe kazi.

Sikiliza. Transfoma ya kVA 50 inatoa kama ampea 72 kwa kila fezi, basi. Mota yako peke yake ikiwa imejaza inachukua karibu 28, na ikianza inaruka mara tano sita kwa sekunde chache. Mashine ya kuchomelea ya fezi moja inaweza kuvuta 30. Tazama hiyo 171: nina hakika wachomeleaji wawili au wote watatu wako fezi hiyohiyo, na nyumba mpya nyingi zimetundikwa hapohapo kwa sababu ndiyo waya uliokuwa karibu na ngazi. Mota ya fezi tatu ikikosa uwiano namna hiyo inapata joto hata kama volti mbili ni nzuri.

Fanyeni hivi. Andikeni barua ya pamoja, wewe, wachomeleaji, mwenye mbao, saluni, na mwenyekiti wa mtaa agonge muhuri. Ombeni mambo mawili: mizigo igawanywe upya kwenye fezi, hiyo ni kazi ya siku moja na haina gharama kubwa, na transfoma ibadilishwe iwe 100 au 200. Ambatisheni namba za kijana, na majina msiyasahau. Namba zikiwepo hakuna wa kuwaambia "tutakuja kuangalia".

#37 Hesabu_Kwanza
Uzi huu umefika mbali. Ila #36, hata ukibadilisha transfoma, laini ya kusini magharibi yenyewe ina msongo mdogo. Ile ya kilovoti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma mpaka Sumbawanga ndiyo dawa ya ukanda wote, na itatuunganisha na Zambia.

#38 Mchomeleaji_TDM
Na Zambia ikikauka tena watachukua wa kwetu. Sawa tu, wangekuwa wameunganishwa na sisi 2006 wangetupa.

#39 WaLikasi
Nauliza kwa nia njema. Nyumba 41 zimeunganishwa Mbozi, vizuri sana, sisi hatujafika huko. Afrika bado watu kama milioni 600 hawana kabisa. Pale Dar Januari 2025, kwenye mkutano wa nishati, viongozi wa Afrika walikubaliana milioni 300 wafikiwe ifikapo 2030. Kama kila mmoja anatundikwa kwenye transfoma ileile, tunahesabu waya au tunahesabu umeme?

#40 Mpishi_wa_Tabata
#39 hilo swali lako ningelipeleka kwenye mkutano wenyewe.

#41 Mndengereko_Halisi
Waya kwanza. Mjomba wangu alikaa miaka 70 bila chochote. Taa moja hafifu kwake ni kitu.

#42 WaLikasi
Taa ni kitu, nakubali. Mashine ya kusaga ni kitu zaidi.

#43 MamaMashine
Mrejesho. Barua tumeipeleka Jumatatu, sahihi 26. Jana walikuja vijana wawili na gari, wakahamisha nyumba kadhaa na mchomeleaji mmoja kwenda fezi nyingine. Transfoma wamesema imo kwenye bajeti. Jana hiyohiyo jioni kijana amepima: 209, 204, 198. Nimewasha saa moja kasoro, imezunguka, nimesaga debe sita. Saa moja na nusu ikashuka nikazima.

Nimeamua nifungue na saa kumi na moja alfajiri pia, umeme ukiwa umetulia. Yule mama wa viazi amekuwa wa kwanza.

#44 FundiWaya
Alfajiri utapata 230 zote tatu. Pima uniandikie. Na mkanda usiukaze kupita kiasi.

#45 Kamachumu
Ila mama, transfoma ikija na majirani wakanunua majiko ya #15, si mtarudi palepale?

#46 MamaMashine
Mmoja ameshanunua. Nimemuomba apike saa kumi.